York haikusimama yenyewe: majibu kwa makala yenu ya majengo ya kale

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya safari kuhusu mji wa York, kaskazini mwa Uingereza, imeandikwa kwa mapenzi na picha zake zinavutia. Hata hivyo ina kauli mbili ambazo si vizuri zikapita bila kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba majengo ya katikati ya mji ule yamesimama vilevile kama yalivyoachwa na waliojenga miaka mia nane iliyopita. Ya pili ina madhara zaidi kwa wasomaji wenye nyumba za kale Unguja, Lamu na Mombasa: kwamba Waingereza walijaliwa mawe magumu, na kwamba sisi wenye mawe ya matumbawe hatuna budi kuyavika saruji ili yadumu. Hali halisi ni kinyume chake kabisa.

Tuanze na jiwe lenyewe. Kanisa kuu la York, yaani York Minster, pamoja na kuta zinazouzunguka mji, vimejengwa kwa jiwe la chokaa lenye magnesi, jeupe lililoelekea umanjano, lililochimbwa upande wa Tadcaster, kilomita kama 15 kusini-magharibi. Warumi walilitumia kabla ya maaskofu. Ni jiwe linalokatika vizuri na kukubali nakshi, ndiyo maana lilipendwa, lakini ni laini na linakunywa maji. Kwa asili yake liko karibu zaidi na jiwe la matumbawe la pwani yetu kuliko na jiwe gumu la mlimani kama matale.

Adui wake mkubwa amekuwa moshi wa makaa ya mawe. Salfa iliyomo kwenye moshi hukutana na unyevu ikawa tindikali. Tindikali ikigusa chokaa hutengeneza jasi, lile ganda jeusi linaloonekana chini ya mabaraza na penye vivuli visivyooshwa na mvua. Ikigusa magnesi hutengeneza chumvi inayoyeyuka upesi sana. Chumvi hiyo huzama ndani ya jiwe pamoja na maji. Jiwe linapokauka, inaganda tena na kutanuka, ikiusukuma uso wa jiwe kutoka nyuma. Matokeo yake ni mashimo ya kuingiza ngumi katikati ya ukuta ambao pembeni yake bado ni mzima. Mtu asiyejua hudhani jiwe lile lilikuwa bovu tangu mwanzo.

Basi waashi wa kanisa hilo, ambalo lina karakana yake lenyewe ya mawe, hufanya nini? Hukagua kila jiwe, moja baada ya jingine, kutoka juu ya jukwaa. Lililochubuka tu huachwa. Lililopoteza umbo lakini bado linabeba mzigo huweza kupigwa kiraka cha jiwe au cha chokaa. Lililochoka kabisa hupimwa, huchorewa kigezo cha bapa kwa kila upande wake, jipya hukatwa kwenye jiwe la jamii ileile, huchongwa, kisha la zamani hutolewa kwa patasi na jipya hulazwa kwenye chokaa. Kuna sharti moja ambalo mafundi wa haraka hulisahau: jiwe la tabaka lazima lilazwe jinsi lilivyolala machimboni. Ukilisimamisha ubavu, tabaka zake huachana na kumenyuka moja moja, na miaka michache baadaye kazi inaanza upya.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya nakshi za nje ambazo msafiri wenu alizipiga picha si za karne ya 13. Jengo lilianza kama mwaka 1220, likawekwa wakfu mwaka 1472, na tangu hapo limeendelea kujengwa kwa maana halisi ya neno hilo.

Chini ya ardhi habari ni nzito zaidi. Mnara wa kati uliokuwepo uliporomoka mwaka 1407. Uliojengwa badala yake, pamoja na nguzo zake, una uzito unaokadiriwa tani 16,000. Mwaka 1967 msanifu majengo Bernard Feilden alionyesha kwamba nyufa zilizokuwa zikitazamwa kwa mazoea zilikuwa zikiongezeka. Chanzo kilikuwa msingi. Nguzo zilikanyaga kwa sehemu msingi wa kanisa la zamani zaidi la Wanormani, watawala waliotoka Ufaransa, na kwa sehemu ardhi dhaifu, hivyo upande mmoja ulizama na mwingine ukabaki. Kati ya 1967 na 1972 misingi hiyo ilifukuliwa na kuzungushiwa mikanda mikubwa ya zege, kisha zege na mawe ya kale vikafungwa pamoja kwa vyuma visivyoshika kutu vilivyopenyezwa kati yake. Wakati wa kufukua ndipo yalipoonekana mabaki ya makao makuu ya jeshi la Kirumi, na mgeni wa leo anayaona huko huko chini.

Hapo msomaji makini atasema: kumbe saruji ilitumika! Naam, ilitumika. Lakini angalia ilipowekwa. Iko ardhini, inabeba mzigo, haijapakwa kwenye uso wa ukuta unaohitaji kukauka. Hiyo ndiyo tofauti ambayo makala yenu imeivuruga.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Julai 1984 paa la ubawa wa kusini liliteketea, na sababu iliyoonekana kuwa na uzito kuliko nyingine ni radi. Zimamoto waliamua kuliangusha paa lenyewe kwa maji ili moto usivuke kwenda kwenye mnara wa kati. Dirisha la mviringo lililoko juu ya mlango wa kusini lilipasuka vipande vipatavyo 40,000, lakini halikudondoka, kwa sababu haukuwa umepita muda mrefu tangu mikanda ya madini ya risasi inayoshika vioo vyake ibadilishwe. Risasi ya zamani ingelegea tu. Vioo vilivyopasuka viliunganishwa kwa gundi maalumu na kufungwa kati ya vioo viwili vyeupe, kisha vikarudishwa mahali pake. Kazi yote ya paa ilikamilika mwaka 1988, kwa mwaloni, si kwa chuma, jambo lililobishaniwa sana wakati ule. Upande wa mwaloni ulikuwa na hoja nzuri: boriti nene ya mwaloni huungua polepole kutoka nje kwenda ndani na hubeba mzigo muda mrefu, ilhali chuma kisichokingwa hulegea kwa joto bila kutoa onyo.

Dirisha Kuu la Mashariki linastahili zaidi ya sentensi moja mliyolipa. Lilitengenezwa na John Thornton wa Coventry kati ya 1405 na 1408 kwa malipo ya pauni 56, na lina ukubwa unaokaribia uwanja wa tenisi. Vipande vyake vikubwa, 311 kwa jumla, viliteremshwa vyote. Kimoja kimoja kikafunguliwa risasi, kikasafishwa, nyufa zikaunganishwa, na risasi za ukarabati wa zamani zilizokuwa zikiukata uso wa mtakatifu au malaika zikaondolewa. Kazi hiyo iliisha mwaka 2018. La muhimu kwa mafundi ni kinga iliyowekwa: kioo cha pili, cheupe, chenye kuzuia miali hatari ya jua, kimefungwa upande wa nje pale lilipokuwa dirisha la asili, na dirisha la asili limesogezwa ndani kidogo. Katikati hupita hewa ya ndani ya kanisa. Kioo cha zama zile kilitengenezwa kwa majivu ya miti, na unyevu hukila taratibu mpaka kikawa na ukungu na vishimo. Sasa pande zake zote mbili hubaki kavu.

Tukitoka kanisani twende ukutani. Kuta za York zina urefu wa kilomita 3.4 na ndizo ndefu kuliko za mji mwingine wowote wa zama za kati nchini Uingereza. Mtu akitaka kuzisoma, aanzie kwenye ule mnara wa pembe nyingi katika bustani ya jumba la makumbusho la Yorkshire. Chini kuna mawe madogo yaliyokatwa mraba na mshipi wa vigae vyekundu. Hiyo ni kazi ya Kirumi. Juu yake kuna mawe makubwa zaidi yenye matundu ya kurushia mishale, nayo ni ya zama za kati. Mstari wa mpaka unaonekana wazi bila kuelekezwa. Na kwa kuwa makala yenu ilizungumzia York kama mji wa Wazungu watupu: Kaizari Septimius Severus, aliyefia hapo mwaka 211, alizaliwa Leptis Magna, Libya ya leo. Katika jumba hilohilo la makumbusho wamehifadhi mabaki ya mwanamke tajiri wa karne ya nne aliyezikwa na bangili za pembe ya ndovu za Afrika, na uchunguzi wa mifupa yake unaelekeza kwenye asili ya Afrika Kaskazini.

Hizo kuta nazo hazikubaki kwa bahati. Mwaka 1800 halmashauri ya mji ilitaka kuzibomoa, kwa sababu zilizuia njia na kula fedha za matengenezo. Sehemu zilivunjwa kweli, na kuta ndogo za mbele za malango, zile zilizomnasa adui kati ya milango miwili, zikaondolewa moja baada ya nyingine. Mchoraji William Etty, mwenyeji wa mji, alikuwa miongoni mwa waliopiga kelele mpaka bomoabomoa ikapoa. Reli nayo ilipoingia ilitobolewa tao la kupitia chini ya ukuta, suluhisho la kibiashara lakini si baya.

Mitaa ya mbao ndiyo itakayomfaidi zaidi msomaji wa pwani. Lady Row, pale Goodramgate, ni safu ya nyumba za kupangisha iliyojengwa mwaka 1316. Shambles ni mtaa wa zamani wa wachinjaji, ambao ghorofa zake za juu zimetokeza mbele hadi karibu zikutane. Kutokeza kule kuna kazi. Chumba cha juu hupata nafasi ambayo kiwanja hakina. Uzito wa ukuta wa mbele, ukikaa kwenye ncha za boriti, huzuia sakafu isipinde katikati. Na ukuta wa chini hukingwa mvua. Fremu ni ya mwaloni mbichi uliounganishwa kwa ndimi na vigingi vya mti. Ubichi ni wa makusudi, maana mwaloni mkavu ni mgumu mno kuchongwa kwa mkono, na unapokauka ukiwa mahali pake hujipinda na kuikaza jointi. Yale mapindo ambayo watalii huyacheka hayana ubaya. Pa kutiliwa shaka ni kwenye boriti ya chini kabisa, ile iliyolala juu ya msingi, kwa sababu huko ndiko maji hukaa.

Na kati ya mbao na mbao kuna nini? Fito zilizosukwa na kukandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na kinyesi cha ng'ombe, halafu lipu ya chokaa. Nyumba ya kukandika tunaijua sisi. Katika karne ya 20 mafundi wengi wa Uingereza walikwangua lipu hiyo wakapiga saruji, wakidhani wanaimarisha. Mbao hucheza kidogo kila msimu na saruji haichezi, kwa hiyo mwanya mwembamba hujitokeza kuzunguka kila kipande. Mvua huingia kwenye mwanya, saruji huizuia isitoke, na mwaloni uliostahimili miaka 500 huoza ndani ya miaka 30 au 40 nyuma ya ukuta unaoonekana mzima. Sehemu kubwa ya fedha za ukarabati huko sasa inatumika kubandua kazi ya aina hiyo.

Kwenye ukuta wa jiwe kosa ni lilelile. Kiungo cha chokaa kimekusudiwa kiwe dhaifu kuliko jiwe. Maji yaliyoingia ukutani hutokea kwenye kiungo, chumvi hugandia hapo, na kinachokatika ni kiungo. Ukikijaza saruji, maji hugeukia jiwe. Chumvi hukaa ndani ya jiwe. Na huko kwao, maji yakiganda wakati wa baridi hutanuka kwa takriban asilimia 9 na kuubandua uso wote. Baada ya muda unaona kimia cha saruji kimesimama chenyewe na mawe yameliwa nyuma yake. Pwani hatuna barafu, lakini chumvi ya bahari tunayo ya kutosha kufanya kazi hiyohiyo bila msaada.

Namna inavyofanywa ni hivi, na haina siri. Kiungo kibovu hukwanguliwa kwa patasi nyembamba na nyundo, kina cha mara mbili ya upana wake na kisipungue milimita 25. Mashine ya kukatia ya umeme haifai, kwa sababu hula kingo za mawe na kuupanua mwanya daima. Vumbi hutolewa kwa brashi na maji, kisha ukuta huloweshwa. Ukiwa mkavu utainyonya chokaa kabla haijashika, nayo itabaki unga. Mchanganyiko wa kawaida ni chokaa kipimo kimoja kwa mchanga vipimo viwili na nusu hadi vitatu, mchanga wenye punje kubwa na ndogo, uliooshwa chumvi. Husukumwa ndani kwa nguvu, tabaka kwa tabaka, bila kupakwa juu ya uso wa jiwe. Ikifikia ugumu ambao kidole gumba hakizami, hupigwapigwa kwa ncha za brashi ngumu ili ijikaze na ifungue vinyweleo. Halafu hufunikwa kwa gunia bichi kwa siku kadhaa. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa ya ukaa polepole ikiwa na unyevu. Jua kali huiua, na baridi iliyo chini ya nyuzi 5 huiua vilevile. Kwa hiyo York kazi hii hufanywa zaidi kati ya Aprili na Septemba, na pwani ingefaa kukwepa jua la kaskazi.

Jambo lililobaki ni maji ya juu. Mapaa makubwa ya kule yamefunikwa kwa bati la risasi. Risasi hutanuka sana kwa jua, hivyo hukatwa vipande vifupi na kukunjwa kingo bila kupigiliwa pande zote; kipande kirefu kilichobanwa huchoka na kuchanika. Lakini uharibifu mwingi huanzia kwenye mlizamu uliozibwa na majani na mavi ya njiwa. Mlizamu mmoja ukizibwa unamwaga maji yote ya upande ule wa paa mahali pamoja. Mwenye nyumba Mji Mkongwe atakayesafisha mlizamu wake kabla ya masika na kabla ya vuli ameshaokoa zaidi ya atakayepaka rangi kila mwaka. Beit el Ajaib, jumba la mwaka 1883, liliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020 likiwa kwenye ukarabati, na watu walifariki. Si busara mtu kutoa hukumu ya sababu zake kwenye barua ya gazeti, ila mji wenye majengo kama yale haustahili ushauri wa kuyavika saruji.

Mafuriko nitayagusa kwa ufupi. Mto Ouse hufurika York mara kwa mara, na mwishoni mwa Desemba 2015 lango la kuzuia maji kwenye mto Foss, tawi la Ouse, lililazimika kuinuliwa baada ya maji kuingia kwenye jengo lenye mitambo yake ya umeme. Nyumba zenye lipu ya chokaa na sakafu ya mawe huoshwa, hufunguliwa madirisha na huachwa zikauke kwa miezi. Zenye mbao za jasi za kisasa huvuliwa hadi uchi.

Na sheria? Kule Uingereza jengo lililoorodheshwa kuwa la kihistoria, liwe daraja la kwanza, la pili lenye nyota au la pili, haliguswi kwa namna inayobadilisha sura yake, ndani wala nje, bila kibali. Kwa sheria ya mwaka 1990 kufanya hivyo ni jinai, na mnunuzi mpya anaweza kuamriwa arekebishe uharibifu uliofanywa na mwenye nyumba aliyemtangulia. Msiisifie kupita kiasi lakini. Serikali hiyohiyo hutoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20 kwa ukarabati wa nyumba ya kale, na sifuri kwa nyumba mpya. Ukitaka kujua kwa nini baadhi ya wenye nyumba huko huahirisha matengenezo, anzia hapo.

Mwisho, naomba msahihishe mambo matatu toleo lijalo. Lango lililobaki na ukuta wake wa mbele ni Walmgate, si Micklegate. Micklegate ndiko vilikotundikwa vichwa vya waliohukumiwa uhaini. Na Clifford's Tower mliyoipiga picha si mnara walimofia Wayahudi wapatao 150 mwezi Machi mwaka 1190. Ule ulikuwa wa mbao nao uliungua. Huu wa mawe ulianza kujengwa mwaka 1245 juu ya kilima kilekile. Na jukwaa la mbao lililomo ndani yake, mlilosema "limefungwa kwenye kuta" halijafungwa kwenye kuta hata kidogo: limesimama juu ya nguzo nne zinazokanyaga bamba la zege, ili siku likiondolewa jiwe la karne ya 13 lisibaki na tundu.

Wasalaam,
Fundi mwashi, Yorkshire